Midibesi za Mlangoni: Inchi 6.5 au Inchi 8?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: «Gari langu ni saluni ndogo. Milango ya mbele ina seti ya spika za inchi 6.5 pamoja na twita zake (spika ndogo za sauti za juu) na krosova (vifaa vya kugawanya masafa kati yao), zikiendeshwa na amplifaya ya chaneli nne yenye wati 75 kwa kila chaneli, ingawa chaneli mbili za nyuma sizitumii. Kwenye buti kuna sabufa ya inchi 12 yenye amplifaya yake. Waimbaji wanasikika vizuri na mtikisiko wa chini upo wa kutosha, lakini pigo la ngoma halina kifua, na besi yote naisikia ikitoka nyuma yangu. Fundi amenishauri nikate milango niweke midibesi, yaani spika za besi ya kati, za inchi 8, ambazo boksi lake limeandikwa wati 500. Je, nimfuate, au nitafute za inchi 6.5 zenye nguvu zaidi? Nitazame nini ninapochagua?»

Ndugu msomaji, nakusihi usikate kitu kwanza. Unachokikosa kinajulikana kilipo: ni masafa ya kati ya hezi 80 na takriban hezi 300, ambako hukaa pigo la ngoma, uzito wa gitaa la besi na unene wa sauti ya mwanamume. Sabufa ikipandishwa ili ifike huko hupoteza wepesi wake na hujitangaza kwamba iko buti, na twita haiwezi kushuka huko hata kwa dawa. Kazi hiyo ni ya spika ya mlangoni peke yake, na katika magari mengi niliyofungua, spika haikuwa na kosa. Spika ya mlangoni ni nusu ya kifaa. Nusu ya pili ni mlango wenyewe, na nusu hiyo haiuzwi ndani ya boksi. Kwa hiyo swali la kuchagua midibesi ni swali la kuchagua spika inayoafikiana na mlango ulio nao, baada ya mlango huo kutengenezwa ustahili kuitwa kasha.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho yako, fungua spika moja uliyo nayo sasa, iache ikiwa imeunganishwa na waya, kisha cheza wimbo wenye ngoma kwa sauti ya chini huku umeishika hewani. Utasikia mlio mwembamba kama wa simu. Chukua kipande cha plaiwudi chenye nusu mita kila upande, kitoboe tundu la kutosha koni (ule uso wa spika unaotikisika), uibane spika hapo kwa mkono, na besi itajitokeza papo hapo bila ya kugusa kitufe chochote. Sababu yake ni kwamba koni inaposukuma hewa mbele, upande wake wa nyuma unavuta hewa kwa kiasi kilekile. Na kwa kuwa wimbi la hezi 80 lina urefu wa karibu mita 4.3, linazunguka ukingo wa spika bila taabu, hewa ya mbele ikakutana na ya nyuma na zikafutana. Plaiwudi ilizitenganisha. Mlango wa gari unatakiwa ufanye kazi hiyohiyo ya plaiwudi, na kama ulivyotoka kiwandani mara nyingi hauifanyi.

Ng'oa paneli ya ndani utazame. Chini yake kuna bati lenye matundu, mengine makubwa kiasi cha kupitisha mkono hadi kwenye kiwiko, yaliyozibwa na karatasi laini ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata. Karatasi hiyo inazuia maji na vumbi. Sauti haizuii hata kidogo. Wimbi la nyuma ya koni linapita kwenye matundu hayo, linaingia nyuma ya paneli, na linatokea ndani ya gari likiwa limechelewa na limegeuka. Huko ndiko kifua cha ngoma yako kinakopotelea. Matundu makubwa yafunike kwa vipande vya bati la alumini au plastiki ngumu, uvikaze kwa skrubu badala ya kuvigandisha moja kwa moja, kwa sababu ipo siku mota ya kioo itaharibika na mtu atahitaji kuingiza mkono. Juu yake bandika mkeka wa butili wenye karatasi ya alumini, uusugue kwa rola ndogo mpaka michoro ya mkeka ilale. Bati la nje la mlango halihitaji kufunikwa lote. Kipande kikubwa nyuma ya spika na vingine katikati ya sehemu pana zinazolia ukizigonga kwa kidole vinatosha kwa kazi nyingi. Matundu ya kutolea maji yaliyo chini kabisa ya mlango yaache wazi. Ukiyaziba, mlango utageuka tangi, na kutu haitakuwa mbali.

Pete ya kufungia spika nayo ina neno. Miaka ya mwanzo nilijitengenezea pete za mbao ya MDF kwa ajili ya gari langu mwenyewe, nikazifunga bila ya kuzipaka chochote kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kusikia. Baada ya misimu miwili ya mvua mlango wa kushoto ulianza kukoroma kwenye noti fulani tu, nikailaumu spika, nikaibadilisha, na spika mpya ikakoroma vilevile. Nilipochungulia nyuma yake niliikuta pete imevimba kama mkate uliolowa na skrubu mbili zinazunguka bila kushika. Tangu hapo natumia plastiki ngumu, alumini, au plaiwudi nzuri iliyopakwa rangi tabaka kadhaa hata ndani ya matundu ya skrubu. Kati ya pete na bati weka utepe wa sponji usiopitisha hewa, na utepe mwingine mnene uzunguke uso wa spika mpaka uguse paneli ya ndani, ili sauti ya mbele itoke yote kwenye wavu na isitangetange nyuma ya paneli.

Fanya hayo kwa mlango mmoja kwanza, kisha sikiliza mlango huo dhidi ya ule ambao hujaugusa. Wapo watu ambao safari yao ya kununua iliishia hapo. Lakini tuseme yako haikuishia hapo, na sasa umesimama mbele ya spika kumi zinazodai mambo makubwa.

Neno la kwanza la kulipuuza ni wati 500. Wati zilizoandikwa kwenye spika zinaeleza kiasi cha umeme inachoweza kuvumilia kabla ya kuungua au kuvunjika. Hazielezi sauti utakayoipata. Tena herufi kubwa za kwenye boksi kwa kawaida ni za mshindo wa nukta ya sekunde, ilhali kipimo chenye maana, kile cha kazi ya mfululizo kinachoandikwa RMS, kimefichwa upande wa chini kwa herufi ndogo na mara nyingi ni nusu au robo ya namba ile. Hata tukichukua wati za kweli, kuzidisha nguvu mara mbili, tuseme kutoka 75 hadi 150, kunaongeza desibeli 3 tu, ambazo sikio linazitambua kama nyongeza ya kiasi. Zaidi ya hayo, shaba ya koili (waya uliozungushwa unaoisukuma koni) ikipata moto ukinzani wake hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya selsiasi. Koili iliyopanda digrii 100 imeongeza karibu asilimia 40 ya ukinzani, na kwa hiyo inapokea umeme mdogo zaidi kutoka kwa amplifaya ileile uliyoilipia. Wati zako 75, zikiwa za kweli, zinatosha kwa midibesi nzuri ndani ya gari dogo.

Kinacholeta besi ni hewa iliyosukumwa, yaani eneo la koni likizidishwa kwa umbali inaotembea. Kwenye karatasi ya vipimo eneo huandikwa Sd na umbali huandikwa Xmax, na hizi ndizo namba mbili ninazozisoma kabla ya nyingine yoyote. Spika ya inchi 6.5 huwa na Sd ya karibu sentimita za mraba 135. Ikiwa Xmax yake ni milimita 3 kwa upande mmoja, hesabu inaonyesha kwamba, ikiwa imefungwa kwenye ukuta mpana, kwa hezi 80 inaweza kufika takriban desibeli 97 kwa umbali wa mita moja kabla ya koili kuanza kutoka kwenye mwanya wa sumaku. Ikiwa Xmax ni milimita 6, inafika 103. Angalia tofauti hiyo: desibeli 6, kutoka kwa spika mbili ambazo ukiziweka mezani huwezi kuzitofautisha kwa macho, na ambazo huenda boksi la ile dhaifu ndilo lenye wati nyingi. Spika ya inchi 8 ina Sd ya karibu sentimita za mraba 215, kwa hiyo kwa mwendo uleule inaongeza desibeli 4. Fundi wako hakukosea kuona kwamba koni kubwa inasukuma hewa zaidi. Ila midibesi ya inchi 6.5 yenye mwendo mrefu inaipita ya inchi 8 yenye mwendo mfupi, na haihitaji msumeno.

Uwe macho na namna Xmax inavyoandikwa. Wengine huandika jumla ya kwenda na kurudi, jambo linaloifanya namba ionekane mara mbili. Wengine huongeza asilimia fulani kwa hoja kwamba spika bado inasikika vizuri kupita mpaka huo. Ukiona karatasi inataja urefu wa koili na urefu wa mwanya, fanya hesabu mwenyewe: koili ya milimita 16 katika mwanya wa milimita 6 inakupa 16 kutoa 6, gawanya kwa 2, sawa na milimita 5 kwa upande. Kwa midibesi inayostahili jina hilo, mimi natafuta 5 au zaidi.

Namba ya tatu ni Qts, mojawapo ya vipimo vinavyoitwa vya Thiele na Small, kutokana na Neville Thiele aliyechapisha kazi yake Australia mwaka 1961 na Richard Small aliyeiendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa lugha nyepesi, Qts inaeleza jinsi koni inavyodhibitiwa inapokaribia masafa yake ya asili, yanayoandikwa Fs. Ndani ya mlango uliozibwa vizuri, wenye ujazo wa makumi ya lita, spika hujiendesha karibu kama iliyo kwenye ukuta usio na mwisho, na hapo Qts ndiyo inayoamua besi itaanza kuporomoka wapi. Spika yenye Fs ya hezi 60 na Qts ya 0.7 itakuwa imeshuka desibeli 3 inapofika hezi 60. Yenye Fs hiyohiyo na Qts ya 0.35 itakuwa imeshuka desibeli 9. Hiyo ya pili si mbovu. Ilibuniwa kwa kasha dogo au kasha lenye bomba la hewa, na ikipelekwa mlangoni inasikika kavu, mtu akaitupa akidhani ni ya bei rahisi, kumbe inaweza kuwa ndiyo ghali kuliko zote dukani. Kwa mlango, tafuta Qts ya kati ya 0.5 na 0.7, na Fs ya kati ya hezi 50 na 65. Kama mtengenezaji hatoi vipimo hivi kabisa, mimi huirudisha spika rafuni na kwenda kwa nyingine.

Kuhusu wepesi wa spika kuitika, ule unaoandikwa kwa desibeli, uliza ulipimwa kwa nini: kwa wati 1 au kwa volti 2.83. Volti 2.83 kwenye spika ya ohmu 8 ni wati 1 kamili, lakini kwenye ohmu 4 ni wati 2, hivyo namba inapanda desibeli 3 bila ya spika kubadilika. Na kuhusu koni ya karatasi, plastiki, alumini au nyuzi za kaboni, sitakuchosha. Chini ya hezi 300 tofauti zake ni ndogo kuliko wauzaji wanavyosema, mradi karatasi iwe imetiwa dawa ya kuhimili unyevu wa mlangoni na ukingo uwe wa mpira badala ya sponji.

Sasa turudi kwenye inchi 8, kwa sababu gharama yake kubwa haimo kwenye msumeno. Koni huanza kurusha sauti mbele tu, kama tochi, pale urefu wa wimbi unapolingana na upana wake. Kwa inchi 6.5, yenye upana halisi wa karibu sentimita 13, hilo huanzia karibu hezi 2,600. Kwa inchi 8, yenye sentimita 16 na nusu, huanzia karibu hezi 2,100. Spika ya mlangoni inaelekea miguuni pako wala haikutazami usoni, kwa hiyo unaisikiliza kutoka pembeni muda wote, na huko pembeni ndiko sauti inakopungua kwanza. Twita yako, ambayo kwa kawaida ya seti za namna hii hupokea kazi kwenye hezi 3,000 au zaidi, itaacha pengo kati yake na spika ya inchi 8, palepale penye maneno ya mwimbaji ambayo leo unasema yako vizuri. Ili uzibe pengo hilo itabidi uongeze spika ya tatu ya sauti ya kati, utafute mahali pa kuiweka, na upate chaneli sita za amplifaya kwa mbele peke yake. Ni mfumo mzuri, na ninao mteja mmoja ambaye hajawahi kujuta. Lakini kwa chaneli nne ulizo nazo, inchi 8 itakupa ngoma na kukunyang'anya mwimbaji. Baki na inchi 6.5.

Kabla ya kulipia, pima kina. Shusha kioo mpaka mwisho, kisha pima kutoka kwenye bati hadi kwenye kioo au reli yake, uongeze unene wa pete utakayoitumia. Karatasi ikisema spika ina kina cha milimita 72 nawe una 74, usifurahi bado. Bandika vipande vya plastisini nyuma ya sumaku, weka spika mahali pake bila kuikaza, shusha kioo polepole, uitoe na utazame kama plastisini imekwaruzwa. Kwa mbele nako, hakikisha ukingo wa mpira hautagonga wavu wa paneli koni inapotoka nje kwa nguvu. Nafasi ikikubana, tafuta yenye sumaku ya neodimi, ambayo huwa fupi kwa milimita nyingi kuliko ya feriti.

Ukibadilisha spika za mlangoni, usizifunge kwenye krosova za seti ya zamani. Krosova hizo zilipimwa kwa spika zile. Ukifunga spika ya ohmu 2 mahali pa ohmu 4, kwa mfano, mahali koili ya krosova inapokatia panashuka hadi nusu yake. Tumia zile chaneli mbili ulizoziacha bure: mbili ziendeshe twita, mbili ziendeshe midibesi, na mgawanyo ufanywe na redio au kichakataji cha sauti. Twita iwekee kapasita ya ulinzi kwenye waya wake, maana kosa moja la mpangilio, ikipelekewa besi bila kichujio, litaiunguza kabla hujafikia kitufe. Midibesi zikate chini kwenye hezi 80 kwa mteremko wa desibeli 24 kwa oktavu, yaani kila masafa yanaposhuka nusu. Usione huruma kukata hapo: ili koni itoe sauti ileile kwa hezi 40 inahitaji kutembea mara nne ya inavyotembea kwa hezi 80, na mwendo huo wote unaibiwa kutoka kwa ngoma. Sabufa nayo iishie hezi 80 na isipande hadi 120, na uipunguze sauti. Sehemu kubwa ya besi unayoisikia nyuma ni sabufa inayofanya kazi ya milango.

Kisha kagua mwelekeo wa nyaya. Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha za waya unaokwenda kwa kila spika, chanya kwa chanya, ukiwa umechomoa waya huo kutoka kwa amplifaya na kwa muda mfupi tu; koni zote mbili zinapaswa kuruka kwenda nje. Moja ikivutwa ndani, zimepingana, na ngoma yako ilikuwa ikifutwa na nyaya muda wote. Zikikubaliana, geuza mwelekeo wa sabufa peke yake mara moja, usikilize pigo la ngoma ukiwa kwenye kiti chako, na ubakize mpangilio unaolipa pigo hilo uzito zaidi.

Lipo pengo moja ambalo hakuna spika itakayokuzibia. Dereva yuko karibu na mlango mmoja kuliko mwingine, tuseme kwa sentimita 60. Sentimita 60 ni nusu ya wimbi la karibu hezi 286, kwa hiyo sauti za milango miwili zinazowiana zinamfikia zikiwa zimepingana kwenye masafa hayo, na unene wa sauti unatoboka hapo. Dawa yake ni kuuchelewesha mlango wa karibu kwa karibu milisekunde 1.75 kwenye kichakataji, kisha kusogeza namba hiyo kidogo kidogo huku na huku mpaka mwimbaji asimame katikati ya dashibodi.

Anza na mlango mmoja, kama nilivyosema, na nyaya zote. Ikiwa baada ya hapo ngoma bado haina kifua, niandikie kina ulichokipata hadi kwenye kioo na upana wa tundu lililopo, unitajie na Sd, Xmax, Fs na Qts za spika mbili au tatu unazozitamani, nami nitakwambia ipi uifunge.